Ulikwama Wapi?

Nyuma ya nyumba ya babu yangu, Msambweni, kuna Datsun 1200 ambayo haijatembea tangu nikiwa darasa la tatu. Iko chini ya mwembe, juu ya mawe manne. Magurudumu yaliuzwa zamani. Kuku wa Bibi hutaga kwenye kiti cha dereva. Muhogo ukivunwa huanikwa juu ya boneti, kwa sababu bati likishika jua la saa sita hukausha kuliko mkeka. Vijana wa vyuma chakavu wakipita na mkokoteni na mizani yao, Babu huwaambia maneno yale yale: "Hicho si chuma. Hiyo ni gari, imepumzika."

Na mimi nilikuwa nimepumzika. Ndivyo nilivyojiambia.

Niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu, Nairobi, shahada ya takwimu. Sikufukuzwa na sikuaga. Nilipanda basi la usiku na begi moja, nikavuka Likoni alfajiri na watu wachache tunaoelekea kusini, huku feri ya pili ikija imejaa pomoni watu wanaokwenda kazini mjini. Nilijiona peke yangu ninayetembea kinyume. Nikapanga keja Ukunda, nikaanza kuandika vitu vya kulipwa: maelezo ya nyumba za wageni za Diani ("hatua chache tu kutoka mchanga mweupe"), hotuba za harusi, wasifu wa watu wanaotafuta kazi ambayo hata mimi naitafuta.

Ukunda na Msambweni si mbali, matatu moja tu. Kwa miezi minane nilikwenda kwa Babu kila nilipopata nauli, na kila alipouliza nilimjibu niko atachimenti, hoteli moja hapo Diani.

"Vizuri, mke wangu," anasema. "Maliza tu."

Bibi naye, kutoka jikoni: "Mke mwenzangu asipomaliza, mimi ndiye nitakayebaki na huyu mzee peke yangu."

Tunacheka wote watatu. Usiku narudi Ukunda, na ile "maliza tu" inanifuata mpaka kitandani.

*

Habari ya magari ilianza na binamu yangu. Ana Subaru ya mtumba ambayo imemla mshahara wa miaka miwili na bado ina njaa. Jumamosi moja usiku alinichukua kwenda "kuona kitu". Barabara ilikuwa mpya, imenyooka kama rula, hakuna nyumba kando. Sitasema ni wapi, manake jambo lenyewe si halali na mtu anaweza kufa. Magari yanajipanga mawili mawili. Kijana mmoja anasimama katikati na tochi ya simu. Akishusha mkono, yanachomoka. Mita 400. Sekunde kumi na kitu, imekwisha. Nilikuwa bado navuta pumzi ya kupiga kelele, na watu washaanza kulipana pesa.

Mchezo huo, dragi, si wetu wa asili. Binamu ameusoma kwenye video za zamani za Uingereza, zile zenye rangi iliyofifia kama picha za harusi za wazazi wetu. Alinionyesha. Kuna mahali panaitwa Santa Pod, uliokuwa uwanja wa ndege wa Podington, ambapo Wamarekani walirusha ndege zao za mabomu wakati wa vita vya pili. Pasaka ya 1966 ukafunguliwa kuwa uwanja wa kwanza wa kudumu wa mbio hizo Ulaya. Ukitazama video za mwanzo wa miaka ya sabini unaona vigari vidogo vya Ford, vya kwendea sokoni, vimefunguliwa mbele na kutiwa injini za V8 ambazo si saizi yao kabisa. Kabla ya kuanza, dereva anazungusha magurudumu ya nyuma papo hapo mpaka moshi mweupe unafunika kila kitu. Nilidhani ni madoido, kumbe matairi yakipata moto ndipo yanashika lami. Mengine ni marefu na membamba kama mtumbwi, dereva amekaa nyuma kabisa, na mwisho wa mbio yanafungua mwavuli mgongoni kwa sababu breki peke yake haziwezi.

Nilipenda. Nitasema ukweli, nilipenda hasa ule ufupi. Kitu unachokianza na kukimaliza kabla hujapata muda wa kujitilia shaka.

Nilimwonyesha Babu kwenye simu. Alivaa miwani, akatazama gari la kwanza, la pili, la tatu. Akanirudishia simu.

"Mita 400?"

"Ndiyo, Babu."

"Hiyo si safari. Hiyo ni kwenda chooni."

*

Babu alikuwa spana boi Mombasa, kwenye gereji ya Muhindi mmoja, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Kabla ya hapo alikuwa mtoto wa shamba Msambweni ambaye hajawahi kushika usukani. Kitu kimoja alichokiona kule Mombasa amekisimulia mara nyingi hata Bibi anaweza kukimalizia.

Ilikuwa Pasaka, usiku wa manane, mvua inanyesha. Gereji imeambiwa isifungwe kwa sababu magari ya Safari yanapita. Gari moja likaingia limevaa tope mpaka kwenye vioo, kama nyati aliyetoka kugaagaa. Mafundi wakajitupa chini yake, tope likiwadondokea usoni. Kazi ya Babu ilikuwa kushika taa. Dakika nne, labda tano. Dereva hakushuka. Alimenya ndizi, akaila akitazama mbele, kama mtu anayeona barabara mahali ambapo wengine tunaona ukuta. Kisha likaondoka.

"Lilikuwa la nani, Babu?"

"Sijui. Nilikuwa nashika taa."

Yeye husema ilikuwa 1973. Bibi husema 1971. Hawatapatana kamwe.

Kama umezaliwa juzi kama mimi, Safari unayoijua ni ile ya Naivasha, iliyorudi kwenye ubingwa wa dunia 2021 baada ya karibu miaka ishirini: magari ya kampuni kubwa, helikopta, watu wa Nairobi na vibanda vyao vya bia. Ile ya Babu ilikuwa kitu kingine. Ilianzishwa 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa malkia wa Uingereza, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ilikuwa zaidi ya kilomita 5,000 kwa siku chache, usiku na mchana, na barabara hazikufungwa. Unakimbia, na mbele yako kuna basi, kuna ng'ombe, kuna mzee na baiskeli yake amebeba mkaa. Na waliiweka Pasaka, wakati mvua za masika zinaanza. Sehemu ulikopita asubuhi kwa vumbi, jioni unakuta mto.

Kwa hiyo wageni walikuwa wanakuja na magari mazuri na wanarudi na hadithi. Tangu 1953 hadi 1971 Safari ilishindwa na madereva wa hapa hapa Afrika Mashariki tu. Ni 1972 ndipo Hannu Mikkola, Mfini, na Gunnar Palm, Msweden, walipoivunja rekodi hiyo na Ford Escort RS1600. Escort hiyo ilitoka Uingereza ile ile, miaka ile ile ambayo vijana wengine wa Ford walikuwa wanachoma matairi Santa Pod. Gari la ukoo mmoja: kule linaulizwa una nguvu kiasi gani kwa sekunde kumi na kitu, huku linaulizwa utabaki na nini siku ya nne.

Datsun ndizo zilizojibu swali hilo vizuri. Zilishinda 1970, 1971 na 1973. Babu alipopata pesa za kununua gari, miaka mingi baadaye, hakuuliza mara mbili. Haikuwa ile 240Z yenye pua ndefu, ilikuwa pikapu ya kubebea nazi, lakini jina lilikuwa lile lile.

Ushindi wa 1973 ndio Babu anaousimulia polepole. Dereva alikuwa Shekhar Mehta, Muhindi wa Uganda. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na familia ya Mehta ilikuwa miongoni mwa waliopoteza kwao. Akaja Kenya. Pasaka iliyofuata akaingia Safari na Lofty Drews kando yake, ndani ya Datsun 240Z. Walipofika mwisho na hesabu kupigwa, yeye na Msweden mmoja, Harry Källström, naye ndani ya Datsun, walikuwa na adhabu sawasawa: dakika 406. Baada ya kilomita zote zile, mito yote ile, hakuna aliyemzidi mwenzake hata dakika.

"Wakafanyaje?" niliuliza mara ya kwanza niliposikia, nikiwa mdogo.

"Wakarudi mwanzo," Babu akasema. "Wakatazama nani alikaa msafi zaidi. Nani alichelewa kupata dakika yake ya kwanza ya adhabu."

Mehta alikaa msafi muda mrefu zaidi. Akapewa ushindi. Baadaye alishinda tena mara nne mfululizo, 1979 mpaka 1982, lakini kwa Babu huo wa kwanza ndio ushindi.

*

Sasa nitakwambia nilichofanya na hadithi hizi.

Miezi ile ya Ukunda nilikuwa silali vizuri, na mtu asiyelala ana simu. Nikaanza kusoma kuhusu Safari. Nikakuta mwaka 1963. Magari 84 yalianza. Saba yalimaliza. Nikadhani nimesoma vibaya. Nikakuta na 1968: yalianza 93, yakamaliza saba. Saba tena! Na miaka yote miwili aliyeshinda ni Nick Nowicki na Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404.

Nilikaa kitandani saa nane za usiku nikifanya hesabu, manake takwimu haikunitoka yote. 84 kutoa saba ni 77. 93 kutoa saba ni 86. Watu 77 na 86 waliofanya mazoezi, waliolipa, waliopungiwa mikono, kisha wakabaki kwenye tope mahali fulani. Na hakuna anayewaita walioshindwa maisha. Wanasema tu: mwaka ule ulikuwa mbaya.

Halafu nikakuta ile ya Volvo. Mwaka 1964 timu ya Volvo ilileta magari, mambo yakaenda mrama, gari moja likabaki Kenya. Joginder Singh, fundi na dereva, kijana wa Kericho, akalichukua yeye na ndugu yake Jaswant. Mwaka 1965 wakashinda nalo Safari. Gari lililoachwa! Yeye Joginder akaja kushinda tena 1974 na 1976, ndani ya Mitsubishi Lancer.

Unaona ninakoelekea. Nilikuwa nimeshapata makala yangu. Ningeandika kwamba kutomaliza ndiko kawaida, kumaliza ndiko muujiza. Kwamba mimi ni mmoja wa wale 77, tena labda ni ile Volvo, naachwa leo nishinde kesho. Mabeshte zangu walioacha chuo wangeisambaza. Ningewekewa mioyo. Niliandika hata aya mbili za kwanza, na zilikuwa nzuri.

Jumanne moja nikaenda Msambweni. Babu alikuwa barazani anakuna nazi kwa ajili ya Bibi, kazi ambayo husema ni ya wanawake na huifanya kila siku. Nikaketi. Nikamwambia, kama mtu anayezungumzia jambo la mbali: "Babu, unajua 1963 walimaliza saba tu? Wengine 77 wote hawakufika. Na hakuna aliyewacheka."

Babu akaendelea kukuna.

"Kweli," akasema. "Hakuna aliyewacheka. Ungemwuliza yeyote kati yao, ulikwama wapi, angekwambia. Mto fulani. Daraja fulani. Springi imekatika, pampu ya maji imekufa. Hakuna ambaye angekwambia, mzee, niko atachimenti."

Sikusema kitu.

"Mtu anayefanya kazi hotelini haji Msambweni na ndala siku ya Jumanne," akasema. "Tena mara nne mwezi mmoja. Mimi nimezeeka, sijapofuka. Ulikwama wapi?"

Angeuliza "kwa nini" ningekuwa na jibu. Kwa nini ina majibu mengi, nimeyafanyia mazoezi. Nikampa mojawapo. Nikamwambia mkopo wa wanafunzi ulichelewa, Nairobi ni ghali, wahadhiri waligoma, mitihani ikasogezwa. Yote kweli.

"Hiyo ni barabara," Babu akasema. "Barabara ilikuwa mbovu kwa wote. Nakuuliza gari."

Bibi akatoka jikoni kuchukua nazi, akanitazama, akarudi bila mzaha wowote. Hapo nikajua naye alikuwa anajua.

Kwa hiyo nikajaribu kurudi mwanzo, kama wale wa 1973. Nikatafuta dakika yangu ya kwanza. Haikuwa siku niliyopanda basi. Haikuwa siku ile nilipokaa kwenye ngazi nje ya chumba cha mtihani, nikasikia viti vikivutwa ndani, na sikuingia. Hata haikuwa karatasi ya mwaka wa pili iliyorudi na alama 19, ambayo baada yake nilianza kukosa somo lile, halafu na lililofuata, kwa sababu mhadhiri alikuwa yule yule na niliona aibu kukutana naye koridoni.

Dakika yenyewe ilikuwa Septemba, mwaka wa pili. Babu aliuza ng'ombe wawili akanitumia karo kwa simu. Nilikuwa nimeshaacha kuingia darasani, na niliogopa kulipia muhula nisioujua utakwendaje. Nikalipa kodi ya nyumba niliyokuwa nadaiwa. Nikanunua laptopu, hii ninayoandikia. Kisha Babu akapiga simu kuuliza kama imefika, na nikamwambia: "Imefika, Babu. Nimeshalipa."

Kabla ya hapo nilikuwa mwanafunzi anayefeli. Wako wengi, na wengi hufika. Baada ya hapo kila kitu kilikuwa kazi ya kuficha ile simu.

Nilimwambia. Si kwa mpangilio kama hivi, nilimwambia kwa vipande, nikilia, nikiwataja wale ng'ombe kabla ya kuutaja mtihani. Aliponisikia mpaka mwisho, aliweka mbuzi ya nazi kando. Akapangusa mikono kwenye kikoi.

"Hapo sasa," akasema. Akaingia ndani.

Nilidhani amekwenda kulala, au kunikasirikia mahali nisipomwona. Akarudi na daftari lake la madeni, lile la kurasa 48 ambalo ndani yake nusu ya Msambweni inadaiwa nazi. Akafungua ukurasa mpya, akaandika jina langu lote matatu, na chini yake, kwa penseli: *Ng'ombe 2.* Hakuandika bei. Aliandika ng'ombe.

"Ukitaka kurudi chuo, rudi," akasema. "Usipotaka, usirudi. Mehta hakurudi Uganda, akashindia hapa hapa. Lakini hili ni la kulipa kokote utakakokuwa."

Jioni alinipa tochi. Tukaenda nyuma, tukamfukuza kuku, tukafungua boneti ya ile Datsun. Sikuelewa tunatafuta nini na nadhani hata yeye hakuwa anatafuta kitu. Alishika waya huu, akautazama, akashika ule. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika taa.

*

Binamu bado ana Subaru yake, na bado huniambia nije Jumamosi. Siku nyingine huenda. Bado nayapenda yale magari ya Santa Pod na moshi wao. Sioni ubaya wa kitu kifupi, mradi unajua ni kifupi.

Chuo sijarudi. Siwezi kukwambia nitarudi. Ile makala ya watu 77 niliifuta, ingawa zile aya mbili zilikuwa nzuri kweli. Haikuwa haki kwao. Wale watu walijua daraja lililowashinda kwa jina.

Mwezi uliopita nilimtumia Babu pesa za kwanza, kidogo. Alipiga simu kuuliza zimetoka wapi, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilimjibu bila kufikiria. Akasema ataandika kwenye daftari: *kwato*. Nikamwuliza kwato ngapi. Akasema moja, na nisijisifu.

Makala haya yakilipwa, nategemea kufika gotini.